Mafua, Ndege na Masikio ya Mfanyakazi



Najua wako watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii. Watasema, huyu ndugu yetu amekosa la kuandika? Sisi tunakata miwa, tunachuma chai, tunalisha boila kiwandani, naye anatuletea habari za ndege! Mkata miwa hupanda trekta, tena kwa bahati.

Chekeni, lakini msigeuze ukurasa. Katika shamba moja ninalolitembelea kila mwezi kwa kazi ya chama, nilipita kambi nzima nyumba kwa nyumba nikiuliza. Karibu katika kila safu ya nyumba nilimkuta mzazi mwenye binti au kijana aliye Saudi Arabia, Dubai, Oman au Qatar, au aliyerudi kutoka huko, au anayengoja pasipoti yake aende. Hao hawakwenda kwa trekta.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kuchukua abiria wa kulipa nauli kwa safari za ratiba iliondoka London kwenda Johannesburg, na moja ya vituo vyake ilikuwa Entebbe yetu hii. Waliokuwa ndani siku ile hawakuwa wachuma chai. Leo nenda Entebbe usiku utazame foleni: utaona vijana wetu wamevaa fulana za rangi moja walizopewa na wakala, kila mmoja na bahasha yake mkononi, wengi wao hawajapata kupanda hata lifti. Hao niliozungumza nao walifundishwa kutumia mashine ya kufulia na pasi ya umeme, wakafundishwa kumsalimu mwenye nyumba kwa Kiarabu. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa neno juu ya masikio yake.

Nianze na yangu mwenyewe, maana si vizuri kutangaza ya wengine na kuficha ya kwako.

Mwaka 2016 nilitumwa Geneva, huko Uswisi, kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya ndege. Nilipewa dakika kumi za kueleza habari za kelele za mashine katika viwanda vya sukari, jinsi wenzetu wa kwenye vinu vya miwa wanavyozeeka wakiwa hawasikii hata wajukuu wao wakiwaita. Dakika kumi ni chache, lakini chama chetu kilizitafuta kwa muda mrefu, na wenzangu walinichangia koti.

Wiki ile nilikuwa na mafua. Pua imeziba, kichwa kizito. Mzee mmoja wa tawi letu, ninayemheshimu kama baba, akaniambia, "Mwanangu, mafua tu hayo. Yatakwisha njiani." Nami nikakubali. Nani angekataa safari ya Ulaya kwa sababu ya mafua?

Tulipopaa Entebbe sikuona taabu, masikio yalilia kidogo tu, pwa, pwa, yakanyamaza. Nikala, nikalala. Tulipoanza kushuka kwenda Brussels nilikuwa bado nimelala. Niliamshwa na maumivu kama mtu ananitia msumari ndani ya sikio la kulia. Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Mama mmoja wa Kizungu aliyeketi kando yangu akaniona, akafungua mkoba wake, akanipa pipi. Nikamshukuru, na pipi nikaitia mfukoni. Nilidhani ananibembeleza kama mtoto! Mtu mzima, mwakilishi wa wafanyakazi, nimumunye pipi mbele za watu?

Ile pipi ilikuwa dawa, nami sikujua.

Kutoka Brussels tukapanda ndege ya pili kwenda Geneva, na katika kushuka mara ya pili sikio likalia kwa ndani, pu! Maumivu yakapungua ghafula, nami nikafurahi, nikadhani nimepona. Asubuhi niliona tone la damu kwenye mto.

Siku ya mkutano nilisoma hotuba yangu vizuri, maana nilikuwa nimeiandika. Kisha mjumbe mmoja akauliza swali. Mkalimani alikuwa akisema ndani ya vile vifaa vya kuvaa masikioni, lakini sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto lilivuma kama nyuki. Nikaona aibu kusema sikusikia. Nikajibu nilivyodhani. Baadaye mwenzetu wa Kenya akaniambia kwa upole kwamba niliulizwa kama wafanyakazi wetu huvaa vizibo vya masikio wanapopewa, nami nikajibu idadi ya wafanyakazi wa kiwanda. Watu walitazamana, mwenyekiti akanishukuru kwa adabu, akampa nafasi mwingine. Mtu ametoka Uganda kwenda kusema habari za uziwi, naye mwenyewe ni kiziwi! Swali lile lilikuwa zuri sana, na jibu lake ninalo hata leo.

Niliporudi nyumbani jirani akaniambia nitie mafuta ya moto kidogo sikioni. Nikatia. Hili nalisema ili wengine wasilirudie, kwa kuwa najua kwetu huwa tunatia kila kitu sikioni: mafuta, maji ya majani, maziwa ya mama, hata mafuta ya taa. Daktari wa masikio, pua na koo aliponiangalia kwa taa yake alinikemea. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka, naye akasema tundu lile ni mlango, na kila ninachomimina huingia moja kwa moja ndani na kuleta usaha. Akaniambia nisilitie maji wala kitu, nisilichokonoe, nimrudie. Baada ya majuma kama sita tundu likaziba lenyewe. Tundu la namna hii mara nyingi huziba hivyo. Lakini si kila mara, ndiyo maana yafaa mtu aonwe na daktari.

Huyo daktari ndiye aliyenifungua macho, na yafuatayo nayatoa kwake na kwa yale niliyojisomea baadaye.

Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kina mrija mwembamba unaoteremka mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Kwa kawaida mrija huo umefumba. Ukimeza mate, ukitafuna au ukipiga miayo unafunguka kidogo, hewa inapita, na hewa ya ndani ya sikio inakuwa na nguvu sawa na ya nje. Ukitoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukashuka Mbale kwa gari, utasikia masikio yanaziba halafu yanazibuka kwa mlio. Ndiyo kazi ya mrija huo. Hakuna mchawi hapo wala ugonjwa.

Ndege nayo hupanda na kushuka mlima, ila mlima wake ni mrefu na mteremko wake ni wa haraka. Nje ya ndege, kwenye urefu wa mita 11,000, msukumo wa hewa hauzidi robo ya ule wa pwani, na mtu hawezi kuishi. Kwa hiyo mitambo husukuma hewa ndani ya chumba cha abiria. Lakini haisukumi mpaka ikawa sawa na hewa ya pwani. Hewa ya ndani huachwa ipungue mpaka kufanana na ya mlima wa mita 2,400 hivi, na katika baadhi ya ndege mpya mita 1,800. Kwenye mita 2,400 msukumo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Ukitaka kuona kwa macho, kunywa maji yako angani, funga chupa ya plastiki vizuri, uitazame mkishatua. Utaikuta imebonyea kama imekanyagwa. Kiwambo cha sikio lako nacho kinabonyezwa vivyo hivyo, ila chenyewe kina mishipa ya fahamu.

Anayebisha kwamba ni hewa, na akumbuke jambo lililotokea India mwezi wa Septemba 2018. Katika ndege iliyotoka Mumbai kwenda Jaipur, wafanyakazi wa chumba cha rubani walisahau kuwasha mitambo ya kuingiza hewa. Abiria wapatao 30 waliathirika, baadhi yao wakitokwa na damu puani na masikioni, na ndege ikarudi Mumbai.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kupaa si taabu kubwa. Taabu ni kushuka. Ndege ikipaa, hewa ya ndani ya sikio hutoka yenyewe kwa urahisi. Ikishuka, hewa inatakiwa kuingia, na ule mrija ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: kutoka ni rahisi, kuingia mpaka uufungue mwenyewe. Mtu akiwa na mafua, utando wa mrija umevimba, kamasi imejaa, mlango haufunguki.

Na kwetu wa Uganda kuna jambo la zaidi. Entebbe iko mita zipatazo 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya ndani ya ndege ikifika ile ya mita 2,400, masikio yetu yamepanda kilima cha mita 1,250 tu. Lakini Dubai, Doha na Jedda ziko pwani. Huko masikio yanashuka mita zote 2,400, karibu mara mbili ya yalivyopanda! Ndiyo maana kijana anapaa Entebbe akicheka, anaona ndege ni jambo jepesi, kisha analia wakati wa kutua. Kurudi nyumbani ni nafuu, kwa kuwa unashukia juu ya kilima. Anayeshuka Addis Ababa kubadili ndege huenda asisikie kitu, kwani kiwanja cha Addis kiko juu zaidi ya mita 2,300, karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege yenyewe. Asidanganyike hapo. Safari yake ya masikio bado iko mbele.

Basi la kufanya ni nini? Kwanza, usilale wakati wa kushuka. Nusu saa ya mwisho uwe macho, maana mtu aliyelala hamezi mate mara nyingi. Mwombe mhudumu wa ndege au jirani akuamshe. Meza mate, tafuna chingamu, mumunya pipi, piga miayo hata kama huna usingizi, na anza mapema, kabla sikio halijauma. Sikio likishakaza sana mrija hauwezi kufunguka tena. Mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati wa kushuka. Mtoto akilia si utundu, ni masikio, na kule kunyonya na kumeza ndiko kunakomsaidia.

Iko njia nyingine. Bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, kisha sukuma pumzi polepole kana kwamba unapenga kamasi, mpaka usikie masikio yamefunguka. Njia hii huitwa kwa jina la daktari wa Italia, Antonio Maria Valsalva, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704 juu ya sikio la binadamu. Hakuwa na habari ya ndege. Alitaka kutoa usaha masikioni mwa wagonjwa. Lakini neno ni *polepole*. Nimewahi kumwona kijana anasukuma kwa nguvu kama anapuliza tarumbeta, uso umeiva. Huyo anaweza kujiumiza. Na mwenye mafua mazito asifanye, kwa kuwa anaweza kusukumia uchafu wa pua ndani ya sikio. Kubana pua na kumeza mate ni salama zaidi kwake.

Pamba sikioni haisaidii, na vikombe vyenye kitambaa cha maji ya moto vimewaunguza watu.

Dawa zipo. Kuna ya kupuliza puani, inayofungua pua kwa muda. Hutumiwa kama nusu saa au saa moja kabla ya ndege kuanza kushuka. Isitumiwe siku nyingi mfululizo, maana pua huzoea na kuziba zaidi. Kuna na vidonge, lakini mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasivimeze bila kumwuliza daktari. Tena nawaonya wanaokwenda Uarabuni: msijaze mkoba dawa za mafua na kikohozi mlizonunua dukani bila kuuliza. Dawa za kikohozi zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na mtu anaweza kujikuta matatani uwanjani kwa ajili ya chupa ya kikohozi.

Lakini dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kutopanda ndege ukiwa na mafua mazito au sikio linalouma. Hapo ndipo maneno yangu yanapoacha kuwa ya daktari na kuwa ya chama, kwa sababu mfanyakazi hana ruhusa ya kuamua hilo.

Niwaeleze habari ya binti mmoja, mtoto wa mchuma chai, ambaye mama yake ni mwanachama wetu. Alipangiwa kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Siku mbili kabla ya safari akashikwa na mafua na homa. Mama yake akaenda kwa wakala kuomba tarehe isogezwe. Akajibiwa kwamba tiketi ikipotea ni deni lake yeye, na kama binti hataki kwenda, wako kumi wanaongoja. Mama alikuwa ameshauza ng'ombe. Binti akapanda ndege.

Alishuka masikio yote mawili yameziba. Siku nane, aliniambia mwenyewe alipotembelea nyumbani, siku nane alikuwa anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Lugha ngeni, nyumba ngeni, na masikio hakuna. Mwenye nyumba anaita kutoka jikoni, yeye hasikii. Anaitwa mara ya pili kwa ukali, hasikii. Mara ya tatu anajikuta amesimamiwa kichwani na mtu aliyekasirika. Yule mama wa nyumba hakujua habari za mrija wala kiwambo. Aliona ana msichana mwenye kiburi. Masikio yalipozibuka, jina la kiburi lilikuwa limekwisha kubandikwa, na halikubanduka miaka miwili. Simu yake ilichukuliwa kwa sababu ya "kiburi". Siku yake ya mapumziko ilikatwa kwa sababu ya "kiburi".

Wako wenzangu ndani ya chama wanaosema kwamba nafuatilia vitu vidogo. Wananiambia, Katibu, watoto wetu wananyang'anywa pasipoti, hawalipwi mshahara, wanapigwa, nawe unasema habari ya pipi! Nawaelewa, na katika kupanga makubwa na madogo wana haki. Nami niko nao katika hayo makubwa. Lakini nauliza: mfanyakazi anayesomewa mkataba uwanjani asisikie, atajuaje anachotia sahihi? Anayepewa namba ya ubalozi kwa mdomo asisikie, ataandika nini? Siku za kwanza ndizo ambazo mgeni anahitaji masikio kuliko siku nyingine zote.

Mawakala nao nimekaa nao mezani. Mmoja alizungumza kiungwana. Alisema tiketi za bei nafuu hazibadilishwi, na akiruhusu kila mtu kuahirisha kwa mafua, kesho mafua yatakuwa mengi kuliko watu. Sikatai kwamba wapo watakaodanganya. Lakini kwa nini hasara ya tiketi nafuu, aliyoichagua wakala, ibebwe na mchuma chai aliyeuza ng'ombe? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, isipokuwa pale serikali itakaporuhusu kwa sababu maalumu. Roho ya mkataba huo ni kwamba anayetaka mfanyakazi ndiye anayelipia kumpata. Cheti cha daktari kinatosha kutenganisha mgonjwa na mwongo. Kiwandani tunakitumia kila siku.

Watazameni wahudumu wa ndege, ambao ni wafanyakazi kama sisi. Katika kazi yao mafua mazito ni sababu halali ya kutopanda, kwa kuwa wanajua sikio litaumia na mtu atakaa nje ya kazi muda mrefu zaidi. Ikiwa aliyefunzwa, anayepaa kila juma, anaruhusiwa kubaki chini na mafua yake, kwa nini binti wa miaka 23 anayepaa mara ya kwanza maishani alazimishwe?

Kwa hiyo napendekeza kwa Kamati Kuu, nami nitalisema hili katika mkutano wa matawi. Chama kidai kwamba katika mafunzo ya kabla ya kuondoka kiwemo kipindi kimoja, hata cha nusu saa, cha habari za safari yenyewe: masikio, kunywa maji, kunyoosha miguu, dawa zisizoruhusiwa. Nusu saa haimfilisi mtu. Kidai pia kwamba mwenye cheti cha daktari asogezewe tarehe bila kutozwa. Na sisi wenyewe tuanze nyumbani. Tunapomtuma mjumbe nje tunamnunulia koti na kumwekea posho, wala hatumwulizi pua yake ikoje. Tumteue na wa akiba, mwenye pasipoti tayari na aliyeisoma hotuba.

Neno moja kwa ndugu zangu wa kwenye vinu na mashine za kufuma. Msichanganye uziwi wa ndege na uziwi wa kelele. Wa ndege kwa kawaida huja ghafula, huja na maumivu, na mara nyingi hupona kwa siku au majuma. Wa kelele huja polepole bila kuuma, hushika masikio yote mawili, huanza kwa kukosa sauti nyembamba kama za watoto na ndege wa porini, na haurudi tena. Nalisema hili kwa sababu mwajiri mmoja, nisiyemtaja, alipodaiwa fidia na fundi wake wa vinu aliuliza kama mtu huyo amewahi kupanda ndege. Amewahi, mara moja, alipokwenda kuhiji. Ati ndege ya siku moja ndiyo iliyomla masikio, si kinu cha miaka kumi na tisa! Daktari aliyempima alikuta viwambo vyote viwili vizima na usikivu umekwisha. Mwenye kazi ya kelele anayetarajia kusafiri na apimwe masikio kabla ya safari, na karatasi ya kipimo aiweke pamoja na vyeti vyake. Na yeyote anayeshuka ndege akabaki na sikio lililoziba kwa siku kadhaa, au linalotoa damu au maji, au anayeona kizunguzungu, aende hospitali, asiende kwa jirani mwenye chupa ya mafuta.

Mwaka huu nimeteuliwa kusafiri tena, mara hii kwa habari ya watoto wetu wa Uarabuni. Hotuba nimeichapa nakala mbili. Moja ninayo, nyingine nimempa dada yetu mwekahazina wa tawi, ambaye ameisoma mpaka anaijua kuliko mimi, na viza yake iko tayari. Nimemwambia: siku ya safari ukiniona nakohoa, nyang'anya tiketi. Pipi nimenunua pakiti nzima.

Ndugu yenu katika kazi,
Mwenezi wa chama, matawi ya sukari na chai